Habari Kutoka Ngamani

"Nahodha, leo maji mengi kuliko jana."

Aliyesema hivyo ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote chomboni, kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinamchipuka. Alikuwa amechutama katikati ya mashua, kashika dumu la mafuta lililokatwa mdomo, anafua maji na kuyamwaga baharini. Wazee wa Ushongo kifaa hicho wanakiita upo, hata kikiwa cha plastiki. Tulikuwa tumetoka pwani kabla ya alfajiri, watu sita pamoja nami niliyekuwa abiria tu, na fungu la mchanga la Maziwe lilikuwa bado halijaonekana. Samaki hata mmoja tulikuwa hatujapata.

Nahodha alikuwa kakaa tezi, mkono kwenye mpini wa mashine. Hakumfokea. Hakumwambia afue maji na mengine awaachie wakubwa. Aliuliza mambo mawili tu: yanaingilia wapi, na tangu lini. Kijana akajibu kuwa ni upande wa omo, karibu na mkuku. Juzi yalikuwa kidogo, jana yakaongezeka, leo yamezidi. Nahodha akanyamaza, akatazama upeo wa bahari kama mtu anayeaga, kisha akageuza chombo.

Tukarudi bure. Petroli imeungua, barafu inayeyuka, na tajiri mwenye chombo yuko Pangani mjini anasubiri simu ya habari njema.

Nilikuwa nimekwenda Ushongo kwa kazi nyingine. Nilitaka kuandika juu ya hoteli za ufukweni, na namna wenye hoteli na wafanyakazi wao wanavyozungumza, au wasivyozungumza. Kuingia baharini yalikuwa matembezi ya kupisha asubuhi. Lakini yale maswali mawili ya nahodha yaliibadilisha makala yangu, kwa sababu kila niliyezungumza naye baadaye, jikoni, getini, kwenye bustani, alinirudisha palepale: nani anaona maji kwanza, na akiona, anamwambia nani.

Aliyekaa tezi anaona mbali kuliko wote. Anaona mawimbi, anaona upepo unakotoka, anaona vyombo vingine. Kitu kimoja tu hakioni, nacho ni ngama, pale chini kabisa ambako maji yanajikusanya. Huko yupo mtu wa malipo ya chini, na ndiye wa kwanza kujua kwamba chombo kinavuja. Kila mahali pa kazi pana ngama yake. Ni stoo, ni jiko, ni karakana, ni kaunta ambayo mteja anafokea mtu, ni kibanda cha mlinzi anayeona gari gani linatoka usiku na mzigo gani. Mimi nimefikia mahali pa kuamini kwamba kiongozi wa kazi apimwe kwa jambo moja: habari mbaya inachukua muda gani kumfikia. Hotuba zake, cheti chake cha uongozi ukutani na suti yake vinaweza kusubiri.

Najua methali ambayo mabosi wanaipenda. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nimeisikia vikaoni mara nyingi, na karibu kila mara ilitumika kumfunga mtu mdomo. Lakini isikilizeni vizuri. Methali inaonya juu ya mikono mingi kwenye usukani. Haikusema neno juu ya midomo mingi chomboni. Katika mashua ile nahodha alikuwa mmoja, amri ilikuwa moja, na bado kila mtu alisema alichokiona.

Ushongo ni kijiji cha wavuvi na minazi, kusini ya Mto Pangani, kiasi cha kilomita 15 ukishavuka kivuko kutoka Pangani mjini kwenda Bweni. Hoteli zake ni ndogo, za makuti na mchanga mweupe, na watu wanaozifanyia kazi wengi ni wa hapohapo au wa vijiji vya jirani. Kitakachoibadili hali hii ni barabara: ile ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256, pamoja na daraja la kuuvuka mto ambalo ni sehemu yake. Wageni wataongezeka, hoteli zitaongezeka, na vijana waliozoea chombo cha watu sita watajikuta chini ya meneja, msimamizi wa zamu, mkuu wa idara na mwenye mali anayeishi nchi nyingine. Ndiyo maana naona jambo hili lisemwe sasa.

Twende jikoni.

Mama mmoja aliyepika hotelini kwa miaka mingi, na ambaye sasa anauza maandazi kijijini, alinisimulia kisa chake tukiwa tumekaa barazani kwake. Bosi wake alikuwa mgeni, Kiswahili anakijua cha kuombea chai. Siku moja aliletewa samaki wa mnadani ambao macho yao yalikwisha kuwa meupe.

"Nikamwambia, bosi, samaki hawa wametoka safari ndefu," alisema mama yule. "Akacheka. Akasema basi wapumzishe kwenye barafu."

Usiku wageni wawili waliumwa matumbo. Asubuhi bosi akaja jikoni amewaka, anauliza kwa nini hakuambiwa.

"Nilimwambia, mwanangu. Hakusikia."

Mtu wa pwani akiisikia sentensi ile ya samaki na safari yao anaelewa hapohapo. Huku kwetu mtu mwenye adabu hamwambii mkubwa wake usoni kwamba kanunua kitu kibovu. Anazunguka, anapitia nyuma ya nyumba, anabisha mlango wa uani. Kwa karne nyingi tumeambiana makubwa kwa mafumbo, na hata leo mwanamke anaweza kumwambia jirani yake neno zito kwa leso aliyojifunga tu. Hiyo ni hazina ya lugha. Kazini lakini, mbele ya mtu asiyeijua, hazina hiyo inageuka ukuta. Je, kosa ni la mama au la bosi? Nimelipima, na naona mzigo mkubwa ni wa bosi. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kumwachisha mtu kazi. Mwenye uwezo huo akisikia neno asilolielewa kutoka jikoni, kazi yake ni kuuliza: safari ndefu, kwa vipi? Swali moja tu la nyongeza lingeokoa usiku ule.

Neno jingine la kulitazama ni "sawa". Nilikaa kwenye hoteli moja mchana kutwa nikilihesabu, nikaacha baada ya kupotea hesabu. Sawa bosi. Sawa mama. Sawa, hakuna shida. Neno hilo lina maana zaidi ya moja, na kazini zote zinatumika. Kuna sawa ya kukubali. Kuna sawa ya kusema nimekusikia, kukubali ni jambo jingine. Kuna sawa ya mtu ambaye hakuelewa hata neno na anaona haya kuuliza mara ya tatu. Na kuna sawa nzito, ya taratibu, macho yakiwa chini, ambayo maana yake ni kwamba mimi nafanya ulivyoagiza, na yatakayotokea usiniulize. Bosi anayesikia sawa zote kuwa ni moja anaongoza watu asiowajua.

Siku hizi hata sawa yenyewe imepungua, imebaki picha ya dole gumba. Kijana mmoja wa mapokezi alinionyesha simu yake. Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi saa kumi na moja alfajiri: kuanzia leo zamu zimebadilika, anayepaswa kuwa mapumzikoni arudi. Chini yake madole gumba yakapangana. Nilimuuliza kama wote walikubali. Akasema, "Kaka, kidole ni risiti tu." Mmoja wao alikuwa na mtoto mgonjwa. Mwingine alikwisha kupanda gari kwenda Muheza kuzika. Hakuna aliyeandika, kwa sababu kundi lile mwenye kuliendesha ni meneja, na kuandika pale ni sawa na kusimama katikati ya uwanja. Chombo cha mawasiliano kimenunuliwa, kila mtu anacho mkononi, na habari inateremka kwa kasi ambayo babu zetu wasingeiamini. Kupanda juu bado haipandi.

Haya hayakuanza na simu. Na si ajabu kwamba yanasemwa katika Pangani, kwa kuwa historia ya kazi ya kuajiriwa Afrika Mashariki ina ukurasa mkubwa hapahapa. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu na iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, si mbali na hapo Ushongo. Kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji wa kwanza wa mkonge duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulifikia kama tani 230,000.

Majani ya mkonge hayajikati. Watu waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na ofisi nzima ya kuwakusanya, iliyojulikana kwa kifupi cha SILABU. Mtu akifika shambani anapewa namba, na kwa namba hiyo anaitwa, analipwa na kuadhibiwa. Ndipo lilipozaliwa neno manamba. Wazee wa Tanga bado wanalitamka kwa uzito, na wengine hawapendi litamkwe mbele ya wajukuu. Jina alilopewa na wazazi wake mtu aliliacha bwenini. Kazi yake ya siku ilipimwa kwa mafungu ya majani, ikitimia anawekewa alama kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi, isipotimia siku imepotea. Kati yake na bwana shamba alisimama nyapara, na nyapara kazi yake ilikuwa kuteremsha amri. Kupandisha habari hakuajiriwa kwa hilo.

Nalitaja hili kwa urefu kwa sababu naona tumerithi kuliko tunavyokiri. Mfumo ule ulikuwa na mawasiliano mazuri sana ya upande mmoja. Kengele ililia kwa wakati, amri zilifika hadi mstari wa mwisho wa mkonge, hesabu zilifika Tanga mjini na Ulaya. Kitu ambacho hakikufika popote ni kile alichokijua mtu wa namba: kwamba chakula kina wadudu, kwamba mizani imechezewa, kwamba mwenzake anatapika damu bwenini. Ulipofika mwisho wa miaka ya 1950 waajiri walishtuka, wakaunda mabaraza ya mashauriano mashambani ili wafanyakazi waseme. Wafanyakazi wakayatazama mabaraza yale wakaona ni masikio ya bwana yaliyoongezwa urefu. Walitaka chama chao wenyewe, Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba kilichoongozwa na Victor Mkello, kikae mezani. Mgomo wa shamba la Mazinde wa mwaka 1958 ni mmoja katika mfululizo wa migomo iliyoitikisa Tanga hadi karibu na uhuru. Mtu aliyenyamazishwa kwa miaka 50 hawezi kufunguliwa mdomo kwa kuitiwa kikao.

Baada ya uhuru tulijaribu kwa njia nyingine. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata ukaja Mwongozo wa TANU, ambao kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakakishika kifungu hicho kama mtu aliyekuwa na kiu. Viwanda kadhaa vilisimama, na ukiisoma migogoro ya miaka ile unakuta jambo la kushangaza: mingi haikuwa ya mshahara. Ilikuwa ya matusi, ya meneja anayemtukana mtu mzima mbele ya wenzake. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifika hadi kukitwaa kiwanda chenyewe. Hatimaye wimbi lile lilizimwa, na wengi waliosimama kwa jina la Mwongozo walipoteza kazi. Somo la miaka ile lilibaki nusu: tuliwaambia watu waseme, kisha tukawaadhibu kwa kusema.

Nami nimeliona hilo kwa macho yangu. Zamani niliajiriwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Jumatatu moja karani kijana wa hesabu aliinua mkono kikaoni akasema kuna tarakimu mbili katika ripoti hazilingani. Mkuu wetu akamtazama kwa muda, akauliza, "Wewe nani amekuomba maoni?" Watu wakacheka, kwa kuwa mkuu alitaka wacheke. Nami nilicheka. Miezi iliyofuata niligundua mimi mwenyewe kosa kubwa kwenye waraka uliokuwa unakwenda kuchapwa. Nilikuwa nao mezani siku nzima. Nikaunyamazia. Ulipotoka na hasara ikajulikana, mkuu alitukusanya akauliza kwa sauti ya uchungu wa kweli: kwa nini hakuna aliyeniambia? Tulikuwa watu tisa, sote tukatazama meza. Yule karani alikwisha kuhama. Hadi leo naona haya kwa kicheko kile kuliko kwa ule ukimya wa baadaye, maana ukimya ulizaliwa na kicheko.

Mtafiti wa Kimarekani Amy Edmondson, katika miaka ya 1990, alichunguza wodi za hospitali akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Matokeo yakawa kinyume: timu nzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Ilimchukua muda kuelewa. Hazikuwa zinakosea zaidi. Watu wa timu hizo hawakuogopa kusema. Mkurugenzi wa hospitali, shule au kiwanda chetu anayejivunia kwamba kwake hakuna malalamiko angeisoma habari hiyo mara mbili.

Na gharama ya kutosikia inaweza kuwa maisha. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, visiwa vya Kanari, ukungu ulikuwa umefunika njia. Ndege ya KLM ilianza kukimbia ili iruke huku ndege ya Pan Am ikiwa bado iko kwenye njia ileile. Mhandisi wa ndege ya KLM alikuwa na wasiwasi, akauliza kama ile nyingine imekwisha kutoka. Rubani mkuu, mmoja wa marubani walioheshimiwa kuliko wote katika shirika lile, akajibu kwa uhakika kuwa imetoka. Mhandisi hakusisitiza. Waliokufa walikuwa 583. Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani wakuu kitu ambacho hakikuwamo katika mafunzo yao: namna ya kuulizwa na mdogo wao, na kumfundisha mdogo kurudia neno lake hadi lisikike. Ninapomfikiria mhandisi yule, namwona kijana wa Ushongo na dumu lake.

Sasa turudi mchangani, kwa sababu kusema peke yake hakutoshi kama mwenye kusema hana fungu katika kinachookolewa. Watu wa hoteli walinilalamikia bakshishi. Mgeni anaacha fedha, zinaingia ofisini, mwisho wa mwezi kila mtu anapewa kitu, na hakuna anayejua ni kitu cha ngapi. Dada wa kufua mashuka anaamini za mapokezi ni nyingi. Wa mapokezi anaamini jiko linapendelewa. Pengine mgao ni wa haki kabisa. Hakuna anayeuona, basi kila mmoja anauhesabu gizani kwa kipimo cha wasiwasi wake.

Wavuvi hawagawani gizani. Chombo kikirudi na samaki wakiuzwa mnadani, watu wanakaa chini duara. Kwanza zinatolewa gharama, petroli, barafu, chakula, na zinatajwa moja moja kwa sauti. Kinachobaki kinagawanywa upande wa chombo na nyavu, na upande wa watu. Viwango vinatofautiana kati ya tajiri na tajiri, na nahodha huwa ana chake cha ziada, hakuna anayekionea wivu kwa kuwa kinajulikana. Na kabla ya yote hayo kila mmoja alikwisha kuweka kando kitoweo cha nyumbani, hata anayefua maji. Fedha zenyewe siku nyingi ni kidogo mno. Tusiwapambe wavuvi; wamo matajiri wanaowafunga mabaharia kwa madeni hadi mtu anavua miezi kadhaa kulipa mkopo wa wavu. Lakini hesabu inafanywa juani, na mtu anayeona hesabu juani anaamka saa tisa usiku bila kusukumwa.

Ufukwe huohuo una ushahidi mwingine, nao ni wa kasa. Maziwe, ambayo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, ilikuwa na mivinje na kasa walitaga kwa wingi. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa, na siku hizi bamvua likijaa kisiwa kinazama chote, mayai yanaoza. Kwa hiyo viota vinavyopatikana huhamishiwa pwani ya Ushongo, vikalindwa hadi vitoto vianguliwe, kiasi cha miezi miwili. Shirika la Sea Sense, linalofanya kazi hii pamoja na wanavijiji katika pwani yetu, lilianza Mafia mwaka 2001 na wazo rahisi: anayeona kiota aripoti, alipwe kwa kuripoti, na mayai yakianguliwa alipwe tena kwa kadiri ya yaliyoanguliwa. Mtu ambaye jana angeyachimba ayale sasa ana sababu ya kuyalinda. Kwangu jambo kubwa ni lile malipo ya kwanza. Alilipwa kwa kuleta habari, kabla ya kujulikana kama habari yenyewe itazaa kitu.

Sheria nayo inasema, ingawa wengi hawajaisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na kama hayaelewi, aelezwe kwa namna atakayoelewa. Inamtaka pia abandike haki za mfanyakazi mahali panapoonekana: saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28, na nyinginezo. Katika matembezi yangu Ushongo niliona ratiba ya chakula cha wageni imebandikwa vizuri, kanuni za bwawa la kuogelea zimebandikwa, bei za safari ya Maziwe zimebandikwa. Karatasi ya haki za wafanyakazi niliiona sehemu moja, nyuma ya mlango wa stoo, kwa Kiingereza. Chama cha wafanyakazi wa mahoteli, CHODAWU, kipo. Niliowauliza walilijua jina lake kwa kusikia redioni. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Sioni udhuru wa mwajiri kuendelea kumpa mpishi wa Pangani mkataba wa kurasa sita usiokuwa na neno la Kiswahili.

Nilisema tajiri alikuwa anasubiri simu. Nahodha aliipiga tulipokwisha kukivuta chombo mchangani, mbele yetu sote, na mabaharia wakanyamaza kumsikiliza. Akatoa salamu, akauliza hali ya nyumbani, kisha akasema yote kwa mara moja: tumerudi hatuna kitu, chombo kinavuja omo, petroli imekwenda. Akangoja. Tukasikia sauti ya upande wa pili bila kuyashika maneno. Nahodha akajibu, "Ni mdogo wetu aliyeona," akalitaja jina la kijana, jina lake kamili na la baba yake.

Tajiri alifika kabla ya adhuhuri, kapanda bodaboda kutoka kivukoni. Hakuanza na petroli. Alimwita kijana kwa jina, wakainama pamoja chini ya chombo, kijana akaonyesha kwa kidole. Ubao mmoja ulikuwa umelegea na pamba ya kalafati imetoka, ufa unaingia ncha ya kisu. Fundi akaitwa. Kazi ilichukua siku mbili, kupiga pamba na kupaka sifa, yaani mafuta ya papa, na siku ya tatu walirudi baharini.

Wewe unayesoma gazeti hili Jumapili, na kesho una watu chini yako, nakuomba jambo moja. Kabla ya kikao cha asubuhi nenda kwa yule wa mwisho kabisa, anayefagia, anayelinda, anayeosha vyombo. Mwite kwa jina lake. Muulize ameona nini wiki iliyopita ambacho wewe hukukiona, na akikwambia, muulize: tangu lini, na kinaingilia wapi?